Hawanikatalii, ila hawanisikii: kushika mabaharia kwenye safari ndefu

Swali: Shikamoo nahodha. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, umri miaka 31, afisa mkuu kwenye meli ya nafaka. Safari iliyopita tulitoka Santos, Brazili, hadi Qingdao, China. Zaidi ya siku 40 hatujakanyaga nchi kavu. Tulikuwa watu 21 wa mataifa matano. Wiki mbili za mwanzo kazi ilikwenda vizuri, kisha watu wakapoa. Ukiwapa amri wanaitikia, lakini kazi ya saa moja inakwenda saa tatu. Mezani kimya. Siku moja nyama ya fundi wa injini ilipotea kwenye friji, nusura watu washikane mashati. Kapteni ananiambia nikaze. Nikikaza wananuna, nikilegeza kapteni ananiona dhaifu. Narudi melini baada ya miezi miwili. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho linanirudi pale pale: nyama iliyopotea kwenye friji. Umeitaja kwa sentensi moja, kama jambo la kupita. Mimi naanzia hapo, maana kukaza na kulegeza tutavifikia baadaye, na sidhani kama vitatuchukua muda.

Vijana wanaokuja kwangu kuuliza mambo haya huwa nawasimulia habari za meli moja ya Kiingereza, Bounty. Iling'oa nanga Desemba 1787 kwenda Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, kuchukua miche ya mshelisheli. Ndiyo, shelisheli hili hili tunalolipika kwa tui. Waingereza walitaka kuupanda visiwa vya Karibi uwe chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa. Nahodha alikuwa luteni William Bligh, umri miaka 33, karibu rika lako. Watu 46 melini, na hakuna askari hata mmoja wa kusimama nyuma yake.

Wengi wamesikia kwamba Bligh alikuwa bingwa wa viboko. Ukilinganisha na manahodha wenzake wa jeshi la maji la zama zile, alichapa watu wachache. Tena alijua kutunza mabaharia. Badala ya zamu mbili alipanga tatu, ili mtu apate kulala saa nane mfululizo. Aliwasha moto chini ya sitaha kukausha matandiko. Alimchukua mpiga fidla, karibu kipofu yule maskini, ili jioni watu wacheze ngoma wanyoshe viungo. Ukiisoma orodha hiyo peke yake ungesema huyu ndiye nahodha wa kupanda naye.

Kasoro yake ilikuwa mdomo, hasa likija suala la chakula. Baada ya miezi mitano Tahiti walianza safari ya kurudi Aprili 1789, sitaha imejaa nazi. Tarehe 27 Bligh akaona rundo lake lililokuwa kati ya mizinga limepungua. Akawapandisha maafisa wote juu, akawauliza mmoja mmoja: ulinunua nazi ngapi, umekula ngapi? Alipofika kwa Fletcher Christian, msaidizi wake, akamwita mwizi mbele ya watu. Kisha akawatukana wote kwa jumla na kutangaza kwamba posho yao ya viazi vikuu itapunguzwa. Jioni ile ile, hebu fikiria, akatuma mtu kumwalika Christian waje kula pamoja! Yeye hasira zilikuwa zimekwisha. Christian akajibu kwamba hajisikii vizuri. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Alfajiri ya tarehe 28 Bligh aliamshwa na wenye silaha, akafungwa mikono nyuma, akatolewa nje na shati lake la kulalia.

Watu 19, yeye akiwamo, wakashushwa kwenye mashua ya futi 23. Ilikuwa imelemewa hivi kwamba kutoka ukingoni hadi majini haikutimia shubiri moja. Walipewa mkate mkavu ratli 150, vipande 16 vya nyama, maji galoni 28, ramu na mvinyo kidogo, dira, na chombo cha kupimia jua. Ramani hawakupewa. Walijaribu kutafuta maji kisiwa cha Tofua, wenyeji wakawashambulia, mtu mmoja akauawa. Wakabaki 18.

Na sasa mtazame Bligh yule yule. Akawaambia watu ukweli wote: msaada wa uhakika uko kisiwa cha Timor, mbali mno, na wa kufika huko ni yule atakayekubali kuishi kwa wakia moja ya mkate na robo painti ya maji kwa siku. Hayo maji ni kama vikombe viwili vya kahawa ya kijiweni. Akawauliza. Wakakubali wote, wakaweka ahadi. Ndipo akatengeneza mizani kwa vifuu viwili vya nazi. Jiwe lake la kupimia likawa risasi ya bastola iliyookotwa ndani ya mashua. Risasi 25 zilikuwa ratli moja, kwa hiyo kila kipimo kilikuwa kama gramu 18. Mkate ukapimwa hivyo mbele ya macho ya kila mtu, na wa nahodha ukapimwa kwa vifuu vile vile. Wakikamata ndege wa baharini, mwenye ukubwa wa njiwa, alikatwa vipande 18. Mmoja aligeuka akawapa mgongo, mwingine akanyoosha kidole kwenye kipande na kuuliza, "Nani achukue hiki?" Yule asiyeona akataja jina. Katikati ya njia Bligh akapiga hesabu upya, akaona chakula kinaweza kuisha kabla ya safari, akapendekeza mlo wa jioni uondolewe. Aliogopa watagoma. Akawaonyesha hesabu, wakakubali bila kinyongo.

Sasa ninalotaka ulishike. Mwishoni mwa Mei, wakiwa kwenye kisiwa kidogo cha pwani ya Australia, Bligh akagundua kwamba kuna mtu amekuwa akidokoa nyama. Mkate alikuwa ameufungia sandukuni, nyama haikuwezekana. Akauliza, wote wakakana. Safari hii hakumwita mtu mwizi. Aliitoa nyama yote iliyobaki, akaigawa iliwe mlo ule ule, na ikawa hakuna tena cha kuibwa. Kati ya nazi na nyama hazikupita wiki tano! Mtu yule yule, kosa lile lile. La kwanza lilimpotezea meli, la pili liliisha kwa chakula cha mchana. Tarehe 14 Juni 1789, baada ya maili za bahari zaidi ya 3,600, wakaingia Kupang, bandari ya Timor, wote 18 wakiwa hai.

Usidhani bahari ilimtakasa. Kwenye kisiwa kingine cha pwani ile ile alishika upanga akimtaka seremala wake wapigane, kwa sababu alijibiwa kijeuri. John Fryer, aliyekuwa chini yake mashuani, naye aliandika maelezo yake, na yamejaa malalamiko. Miaka mingi baadaye, mwaka 1808, Bligh akiwa gavana wa New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia, alipinduliwa tena, na askari wake mwenyewe. Ulimi haukupona hadi uzeeni. Ila mle mashuani kipimo kilionekana na kila mtu, na watu wanaoona kipimo huvumilia hata mkubwa mwenye ulimi mbaya. Kikifichwa, uwe mpole kama hariri, watahesabu makombo yako.

Basi turudi kwenye friji lenu. Mtu haibiwi nyama yake melini akataka kupigana kwa sababu ya nyama. Siku ya 25 baharini nyama ni kitu pekee anachoweza kukishika mkononi na kusema hiki changu. Kabla ya wizi huo kulikuwa na jambo, na ukiuliza polepole utalipata jikoni. Labda mpishi anawapa wa kwao mapaja, wengine shingo. Labda kuku wa Jumapili anaonekana meza ya maafisa tu. Labda Waislamu wenu wamekuwa wakila mayai na wali wiki nzima kwa sababu kila sufuria ina nguruwe, na hakuna aliyewauliza.

Niliwahi kuwa afisa wa tatu kwenye meli moja, jina lake tuliache, ambako matunda yalikuwa yakiwekwa meza ya maafisa peke yake. Machungwa, basi, si kitu cha ajabu. Mwezi wa kwanza hakuna aliyesema neno. Asubuhi moja tukakuta ganda la chungwa limebandikwa kwa pini kwenye ubao wa matangazo, juu ya ratiba ya mazoezi ya moto. Hakuna maandishi. Kapteni akacheka, akalitoa. Kuanzia wiki ile kutu ikawa haikwanguliki: watu wanagonga nyundo mchana kutwa, ukienda kutazama, wamesafisha sehemu ya kutandika mkeka mmoja. Nilikuwa kijana, nikadhani ni uvivu.

Nilipaswa kujua, kwa sababu nimekulia kwenye jahazi la mjomba wangu. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye pipa karibu na tezi, na juu yake ilining'inia kata moja, ile ya kifuu chenye mpini. Hapakuwa na kikombe kingine. Tukikosa upepo, mjomba alisimama pale mwenyewe saa ya kugawa, akiteka, akisawazisha kwa kidole gumba, akimpa mtoto wa jikoni kwanza na kupanda juu hadi kwa mshika usukani. Yeye alikunywa wa mwisho, na alikuwa na tabia ya kuinua kata juani kabla ya kuipeleka mdomoni, kama mtu anayetafuta takataka ndani yake. Nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa kwamba alikuwa akituonyesha imejaa kiasi gani.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla hakujaharibika kitu, kaa na mpishi na kapteni mpange chakula cha safari nzima kwa hesabu: kuku wangapi, kilo ngapi za nyama, matunda hadi siku ya ngapi. Bandika ratiba ya mlo ukutani, na meza ya maafisa ipikiwe kilicho kwenye ratiba hiyo hiyo. Mambo ya kuisha yaseme kabla hayajaisha. "Mboga mbichi zitatosha hadi siku ya 18, baada ya hapo ni za kopo" ni taarifa. Wakizigundua wenyewe siku ya 19, hiyo ni dhuluma, hata kama kabichi ni zile zile. Na kama kuna friji la vitu vya watu binafsi, mpe kila mtu kisanduku chenye jina na kufuli. Usiweke doria. Jambo hili hili lifanye kwenye intaneti. Siku hizi ugomvi wa bando melini unazidi wa nyama, na ukiwa na maafisa wanaotazama mpira huku baharia hawezi kutuma salamu kwa mtoto mgonjwa, ganda la chungwa liko njiani. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2024, unawataka wenye meli wawapatie watu mawasiliano hayo kadiri inavyowezekana, na kama ni ya kulipia, bei iwe ya kiasi.

Jambo la pili ni usingizi, na hapa nitakusema bila kukuonea haya, kwa sababu wewe afisa mkuu ndiye unayepanga kazi za sitaha. Sheria unaijua: mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, wala saa 77 kwa wiki, yasigawanywe zaidi ya vipande viwili, na kipande kimoja kisipungue saa sita. Swali langu ni hili: fomu za mapumziko kwenye meli yenu, zinaandikwa walivyolala au zinapikwa? Baharia unayemwamsha saa nane usiku aoshe matangi, kisha mwisho wa mwezi unamwekea karatasi inayosema alikuwa amelala asaini, umemfundisha kwamba karatasi zenu ni maigizo. Kesho ukimwonyesha karatasi ya usalama kuhusu kuingia kwenye shimo la shehena, ataiweka kundi hilo hilo. Huyo ndiye anayefanya kazi ya saa moja kwa saa tatu. Usingizi uliomnyima anaudai akiwa amesimama.

Halafu waambie mnakokwenda. Ninyi wa chumba cha usukani mnaona ramani kila dakika, mnasahau kwamba mtu wa injini anaishi chini ya mstari wa maji na hajui kama yuko Bahari ya Hindi au ya China. Ferdinand Magellan aliondoka Hispania mwaka 1519 na meli tano, akawaficha manahodha wake mambo ya njia. Walipofika bandari ya San Julián, kusini kabisa mwa Amerika, baridi inakuja, akakata posho na akakataa maswali. Usiku wa kuamkia 2 Aprili 1520 meli tatu kati ya tano zikamwasi. Alizirudisha kwa hila na damu, lakini watu kama 40 waliohukumiwa kufa aliwasamehe, maana angewanyonga wote nani angevuta kamba? Wewe huhitaji kufika huko. Kila adhuhuri bandika mahali mlipo, maili zilizobaki, na siku unazokisia. Ukikosea kisio, andika jipya na sababu. Mtu akiwa na hesabu mkononi hahitaji kuvumisha.

Na hesabu hiyo iheshimu pepo, si kiburi. Kuna mfano uliotokea karibu na kwenu. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyepewa na mfalme wa hapo, na wiki nne hazikutimia akawa pwani ya Calicut, India. Kurudi hakusubiri kaskazi ikomae. Alianza kuvuka Oktoba 5, upepo ukamkatalia, na bahari ile ile ikamchukua miezi mitatu kasoro siku tatu hadi wakaiona Mogadishu. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye, fizi zimevimba hadi hawawezi kutafuna, na kila meli ikabaki na watu saba au wanane wa kushika kamba. Ilibidi meli moja, São Rafael, ichomwe moto kwenye miamba ya Tanga, kwa sababu hapakuwa na mikono ya kuiendesha. Hata ungekuwa na nidhamu ya chuma, watu wanane ni wanane. Nahodha yeyote wa jahazi wa pwani hii angemwambia asubiri kidogo.

Kuhusu ulimi, nitakuwa mfupi. Kosa la mtu mmoja lisemee kando naye, kosa la wote lisemee mbele ya wote, usivichanganye. Usimkaripie serahangi, yule mkuu wa mabaharia wa sitaha, mbele ya vijana wake. Yeye ndiye mkono wako sitahani, na ukimvunjia heshima leo, kesho amri zako zitafika zikiwa zimechoka. Wala usimruke ukaenda kumwamuru baharia moja kwa moja, isipokuwa hatari imeshawafikia. Mtu unayemwona ndiye chanzo cha manung'uniko, mvute karibu badala ya kumsukuma mbali. Ernest Shackleton, barafu ilipoivunja meli yake mwaka 1915 kule Antaktika na wakabaki watu 28 kwenye mahema, wale waliomtia wasiwasi aliwapanga hema lake mwenyewe. Na mifuko ya kulalia ya manyoya, iliyokuwa ya joto zaidi, ilipogawiwa kwa kura, kura ikatokea kuwaangukia mabaharia wa chini, maafisa wakapata ya sufu. Mabaharia hawakuwa wajinga, walijua kura ile ilikuwa na mkono wa mtu. Hawakulalamika.

Sasa huko kukaza. Yako mambo ya kukaza, nayo ni machache: pombe kazini, ngumi, kulala zamu, kupuuza vifaa vya usalama. Hayo usiyajadili. Adhabu iwe ile iliyoandikwa kwenye mkataba, mbele ya shahidi, mtu apewe nafasi ya kujieleza na iandikwe kwenye daftari la meli, kisha iishe. Nasema iishe. Usimrushie maneno wiki mbili baadaye akichelewa chai. Mengine yote, kasi ya kukwangua kutu, uso wa mtu, kuitikia kwa uchovu, hayakazwi, yanatafutiwa sababu.

Na kapteni wako? Manahodha wawili chombo huenda mrama, kwa hiyo mbele ya watu neno lake ni lako, hata ukilichukia. Usiwaambie mabaharia "ni kapteni kasema", ukajivua. Kabishane naye mlango umefungwa, na usiende na hisia. Kapteni anayesukumwa na mwenye meli hasikii habari ya watu kununa. Nenda na tarakimu: kazi hii ilitakiwa saa tatu ikachukua tisa, fulani na fulani wamelala saa sita sita kwa siku nane, ukaguzi wa bandari ijayo ukizikuta fomu hizi meli inaweza kuzuiwa. Hapo utaona jinsi anavyokulegezea bila mwenyewe kujua kama amelegeza.

Ukipanda meli safari hii, weka begi chumbani, usilifungue. Shuka jikoni kwanza, msalimie mpishi, mwombe akuonyeshe chumba cha barafu. Hesabu naye kuku, mmoja mmoja, uandike. Kisha uniandikie kabla hamjang'oa nanga, na uniambie umekuta wangapi.